Wageni kutoka Mwanza Jumamosi: Kinondoni, Oysterbay au Upanga?

Ngosha_Mwananyamala
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi napokea wageni kutoka Mwanza. Wanataka kuiona Dar, na mimi nimechoka kupeleka watu Coco Beach kula mihogo. Natafuta kitu cha jukwaani: bendi, igizo au wachekeshaji. Nimebaki na pande tatu. Kinondoni kwenye kumbi za dansi, Oysterbay pale Little Theatre, au Upanga kwenye vituo vya utamaduni vya Wafaransa na Wajerumani. Mngekuwa nyie mngeenda wapi?

Bajaji_Nyekundu
Wageni wangapi? Umri? Bajeti? Una gari au ndio mimi nitawabeba? Umeandika kama mtu aliyeingia duka la dawa akasema "nipe kidonge".

Mama_Kijitonyama
Na ni mchana au usiku? Kama ni mchana, walete kwetu Kijiji cha Makumbusho. Kuna nyumba za makabila zilizojengwa kama za vijijini, na ngoma za asili huchezwa pale. Ulizia kwanza kama siku hiyo kuna kikundi, la sivyo mtaangalia makuti tu.

Kinanda
Kinondoni, hakuna mjadala. Dansi ndiyo Dar. Bendi ya Msondo ipo tangu 1964 ilipokuwa NUTA Jazz, bendi ya Sikinde tangu 1978. Fuatilia wanapiga ukumbi gani Jumamosi hiyo, chukua meza ya pembeni isiyotazamana na spika, agiza kuku. Umemaliza.

Upanga_Mashariki
Kinanda hata mtu akiuliza bei ya tairi atajibu Msondo.
Mkuu Ngosha, Alliance Française, kile kituo cha Wafaransa, pana jukwaa zuri, vyombo vinasikika kimoja kimoja na watu wanakuja kusikiliza, si kupiga kelele. Goethe ya Wajerumani nao wako Upanga hiyohiyo. Ubaya ni kwamba si kila wikiendi kuna kitu, kwa hiyo ratiba kwanza, nguo baadaye. Ukikosa huku, angalia Nafasi Art Space kule Mikocheni. Studio za wasanii ziko ndani ya makontena, wageni wanatembea wakiangalia picha kabla muziki haujaanza.

Mwl_Sanaa
Little Theatre mmeiruka. Iko Haile Selassie, ukumbi mdogo, hata ukikaa nyuma unaona uso wa mwigizaji. Wanaoiendesha ni Dar es Salaam Players, watu wenye kazi zao nyingine wanaoigiza kwa mapenzi. Ila michezo yao mingi ni ya Kiingereza. Wageni wako watavumilia? Kwa igizo la Kiswahili ningeulizia Chuo Kikuu pale Mlimani, au Makumbusho ya Taifa mtaa wa Shaaban Robert, nako kuna ukumbi wa maonyesho.

Ngosha_Mwananyamala
Samahani kwa kuchelewa kujibu. Wako wanne. Mzee, mama, na vijana wawili. Ni usiku. Bajeti laki moja na nusu, chakula ndani. Gari sina. Halafu, hmm, ni wakwe. Mahari nimelipa nusu.

Bajaji_Nyekundu
WAKWE!! Na ukaandika "wachekeshaji"?

Mama_Kijitonyama
Mwanangu, usithubutu. Mchekeshaji atafika kwenye habari za chumbani, baba mkwe yuko kulia, mama mkwe kushoto. Utaangalia wapi?

Chizi_Fresh
Mnatia chumvi. Nimehudhuria Cheka Tu, onyesho la wachekeshaji, wengi wanachekesha maisha ya kawaida, daladala, nyumba za kupanga, shule za kata. Na watu wa Mwanza vichekesho wanavijua, Futuhi ya Star TV ilitoka kwao. Hatari iko meza za mbele, mshereheshaji akikuona na wazee atawahoji. Kaeni nyuma.

Shangazi_Sinza
Ngosha, kabla hujalipa popote, soma hii. Kuna ukumbi, jina naliacha, walibandika bango "bendi kamili, saa 2 usiku". Nikaenda na dada zangu, tumesuka na kushona sare. Saa 4 bado wanajaribu maiki. "Haloo, haloo, moja mbili." Saa 6 kapanda mwimbaji na flashi. Naapa, flashi! Magitaa yamesimamishwa nyuma kama mapambo, hayana hata waya. Anafungua mdomo, sauti inatoka peke yake, akikohoa wimbo unaendelea. Nikamfuata msimamizi. Ananiambia, "Dada, bendi ni hiyohiyo, imerekodiwa." Kiingilio hakirudi. Na mhudumu akaleta bili yenye soda ambazo hatukunywa. Kwa hiyo piga simu mchana, uliza kabisa nani anapiga ngoma na nani anapiga besi. Wakibabaika, kata simu.

Kinanda
Ndio maana nasema Msondo. Pale hakuna flashi.

Mzee_wa_Magomeni
Vijana mnahangaika kwa sababu mmegawanya vitu. Zamani ungelipa kiingilio kimoja kwa vikundi vya sanaa kama TOT au Muungano, ukapata ngoma, sarakasi, igizo, kichekesho na taarabu usiku huohuo. Mkwe angechagua mwenyewe acheke wapi. Na TOT yenye Khadija Kopa ilikuwa haishikiki.

Shangazi_Sinza
Shikamoo mzee, lakini hapo hapana. Nasma Khamis wa Muungano alikuwa anajaza ukumbi mpaka watu wanasimama.

Mzee_wa_Magomeni
Marahaba binti. Kujaza alijaza. Kujibu mipasho ndio Khadija alikuwa na mdomo wake.

Upanga_Mashariki
Mlikuwa mnaenda kwa muziki au kwa ugomvi?

Shangazi_Sinza
Vyote. Kwani mlango wa ugomvi ulikuwa na kiingilio tofauti?

Mwl_Sanaa
Turudi kwa Ngosha. Wakwe wanapenda nini hasa?

Ngosha_Mwananyamala
Nimemuuliza mzee kijanja kwenye simu. Kasema kwaya.

Kinanda
Kwaya ni Jumapili asubuhi. Jumamosi usiku bado iko wazi, mkuu.

Chizi_Fresh
Na wale vijana wawili je? Waache wazee nyumbani na mchuzi wa sato, nyie njooni Cheka Tu.

Mama_Kijitonyama
Sato kwa mtu wa Mwanza? Mpikie samaki wa bahari, changu.

Bajaji_Nyekundu
Watu watano hawaingii kwenye bajaji moja, nawaambia mapema. Zitakuja mbili. Na kurudi baada ya saa 6 bei ni nyingine.