Mrejesho: Mtoto aliyeanza kutembea na kukimbilia barabarani

Habari zenu wapendwa. Niliuliza namna ya kumzuia mwanangu, ameanza kutembea juzijuzi tu na akiona mlango wazi anachomoka. Tunakaa Ngamiani, Tanga, nyumba inatazama barabara; baiskeli, bodaboda na bajaji hazikatiki. Asanteni mno mliojibu.

Kilichosaidia kuliko vyote ni kigeti cha mlangoni. Seremala alinitengenezea cha mbao, kinanifika kiunoni, komeo liko upande wa nje asikolifikia. Fito zimesimama wima, maana aliyesema za kulala zitakuwa ngazi alisema kweli, huyu anaparamia kila kitu. Zimekaribiana, kichwa hakipiti. Upepo unaingia na jirani bado tunasalimiana vizuri.

Njuga za miguuni, wazo la bi mkubwa mmoja, nilizipenda sana. Nikiwa jikoni namsikia alipo. Ila zikinyamaza ndiyo nakimbia zaidi! Baadaye moja ililegea, nikazivua asije akaimeza.

Kumfunga kanga kiunoni nikashika ncha kulishindikana. Anajitupa chini na kulia mpaka wapita njia wanauliza kulikoni. Sokoni namweka mgongoni, basi.

Aliyetaja ndoo za maji, Mungu akubariki, maana hilo sikuwa nimeliuliza. Mtoto huweza kuzama hata kwenye maji ya sentimita chache. Sasa ndoo zina vifuniko, na beseni la kufulia namwaga papo hapo.

Kimebaki kimoja: kaka yake akitoka kucheza hafungi komeo. Kwa huyo bado sijapata dawa.