Tupeane uzoefu: mliokimbia Djugu, kule Ituri, mashariki mwa Kongo, mlitokaje?

Mwana Tchomia: Jana mwanangu kaniuliza mbona nalala na viatu. Nilivuka Ziwa Albert Februari 2018. Wenzangu, semeni.

Dada wa Kasenyi: Mwaka huohuo. Tuliona moshi upande wa milimani, tukashuka ziwani. Mwenye mtumbwi alitaka pesa kwanza. Mama akampa kitenge chake kipya na sufuria kubwa. Tulijazana mpaka maji yakaingia, tukayachota kwa mikono usiku kucha. Tulishukia Sebagoro, ng'ambo ya Uganda, tukimshukuru Mungu kwamba tumepona. Kisha kambi ya wakimbizi ya Kyangwali, kipindupindu kikaingia. Kaka yangu aliyeepuka mapanga kaharisha siku moja tu, tukamzika.

Mkimbizi Kyangwali: Kweli kabisa, dada. Pole sana.

Kijana wa Fataki: Ila mkitaja CODECO, wale wanamgambo ambao wengi wao ni Walendu, msimaanishe Walendu wote. Mimi Mlendu, na kwetu kulichomwa. CODECO ilianza miaka ya 1970 kama ushirika wa wakulima, wazee wetu waliijua hivyo. Na wale wanamgambo wa Zaïre, wa upande wa Wahema, waliotuua, watajeni pia.

Mwana Tchomia: Nani kataja Walendu hapa?

Kijana wa Fataki: Hapa bado. Kwingine naambiwa hivyo kila siku.

Mama wa Bule: Acheni hayo. Nilikuwa kambi ya Plaine Savo usiku wa kuamkia 2 Februari 2022. Tulishakimbia mara moja, tukadhani kambini ndiyo mwisho. Turubai halizuii panga. Nililala kifudifudi kwenye mfereji, mjukuu nimemziba mdomo kwa kiganja, nikimsikia jirani akiita jina langu. Sikuitika. Waliuawa watu wapatao 60, wengi wao niliwajua kwa majina.

Dada wa Kasenyi: Mama, ungeitika mngekufa wote.

Mkimbizi Kyangwali: Nimeshindwa kuandika.

Kijana wa Fataki: Pole, mama. Kutoka moyoni.

Baba wa Bunia: Kwa mlio bado huko: shambani nendeni kwa kundi, msilale huko. Kadi ya kura, ndiyo kitambulisho chetu, fungeni kwenye nailoni, itembee nanyi.

Dada wa Kasenyi: Baba, hapana! Kwenye barieri, vile vizuizi vya barabarani, jina lako likisomwa, wanajua kabila lako. Iacheni.

Baba wa Bunia: Bila kadi askari anakuita mwasi.

Mama wa Bule: Mimi naifunga kiunoni kwa mjukuu. Mtoto hawamkagui sana.

Dada wa Kasenyi: Mama, siku hizi wanawakagua hata watoto.