Je, hesabu imemaliza paradoksi ya Achilles na kobe?

Swali
Ndugu wanajukwaa, naomba mnisaidie kuelewa paradoksi (hoja inayoonekana sawa lakini yenye hitimisho lisilokubalika) ya Zeno wa Elea, mwanafalsafa wa karne ya 5 kabla ya Kristo. Katika mbio, kobe anatangulizwa mita 100, naye Achilles, shujaa wa hadithi za Kigiriki, anakimbia kwa kasi mara 10 ya kobe. Lakini kila anapofika pale kobe alipokuwa, kobe amekwisha kusogea mbele, hivyo inaonekana hatamfikia kamwe. Kwamba atampita, hilo halina ubishi. Hoja inakosea wapi hasa?

Jibu la kwanza
Inakosea pale inapochukulia kwamba vipindi visivyo na kikomo cha idadi ni lazima vifanye muda usio na kikomo. Tuseme Achilles anakwenda mita 10 kwa sekunde. Kipindi cha kwanza kitamchukua sekunde 10, cha pili sekunde 1, cha tatu sehemu ya kumi ya sekunde, na kuendelea vivyo hivyo. Jumla yake ni sekunde 11 na 1/9, wala haizidi hapo. Zeno anataja nyakati zilizotangulia sekunde hiyo tu, kisha anahitimisha kana kwamba hakuna nyingine.

Jibu la pili
Hesabu hiyo naikubali yote, ila inatuambia lini na wapi Achilles atamfikia kobe, bila kueleza jinsi mfuatano usio na hatua ya mwisho unavyoweza kukamilika. Mwaka 1954 mwanafalsafa James Thomson alitoa mfano wa taa inayowashwa, ikazimwa baada ya dakika 1, ikawashwa baada ya nusu dakika, ikazimwa baada ya robo, na kuendelea. Dakika 2 zikitimia, inawaka au imezimwa? Muda unajulikana barabara, lakini jibu halipatikani, kwa kuwa kila kuwashwa kumefuatwa na kuzimwa, na kila kuzimwa na kuwashwa.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Basi Achilles yuko katika hali ileile ya taa?

Jibu la tatu
La, hayuko. Mwanafalsafa Paul Benacerraf alionyesha mwaka 1962 kwamba masharti ya Thomson yanahusu nyakati za kabla ya dakika ya 2 peke yake, kwa hiyo hayailazimishi taa kuwa katika hali yoyote dakika hiyo inapotimia. Mwendo wa Achilles, kinyume chake, haukatiki wala hauruki, na kwa sababu hiyo mahali pote alipopita kabla panatosha kubainisha atakapokuwa wakati huo wenyewe, yaani mita 111 na 1/9 kutoka alipoanzia, sambamba na kobe.