Kompyuta za shule zilizoachwa na Windows 10: tununue nyingine, tulipie, au tuhame?

Mleta mada
Wakuu, poleni na majukumu. Nasimamia maabara ya kompyuta kwenye sekondari moja ya umma. Tuna mashine 40, zote za mtumba, Core i5 kizazi cha nne, tulizinunua 2023. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kutoa viraka vya usalama (masahihisho ya kuziba mianya) vya Windows 10 bure kama zamani. Windows 11 nayo inazikataa mashine hizi, inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Bodi inaniuliza, "Si zinawaka?" Zinawaka, ndiyo.

Msimamo wangu: fedha ya umma isinunue kompyuta ambayo muuzaji hajaandika mwaka ambao mtengenezaji ataacha kuihudumia. Tarehe hii ilijulikana tangu Windows 10 inatoka, 2015. Sisi tulinunua miaka miwili kabla ya mwisho na tukapigiana makofi kwa bei. Haya, nipingeni.

Fundi, Kariakoo
Nakupinga mchana kweupe. Hela ya mashine 10 mpya mimi nakupa 40 za mtumba. Weka hilo sharti lako uone watoto wanne wanavyogombania kibodi moja. Halafu tuseme ukweli, hivyo viraka nani alikuwa anavipokea? Mteja akileta mashine, la kwanza analoniambia ni "zima apdeti, inamaliza bando." Mnalia maji yamekatwa wakati bomba mlilifunga wenyewe.

Mleta mada
Hapo umenigusa, kwa sababu yetu pia zilikuwa zimezimwa. Lakini kumbuka kirusi cha WannaCry, Mei 2017. Kiraka chake kilikuwa kimetoka Machi, miezi miwili nyuma, na walioumia ni wale ambao hawakukiweka. Hospitali za Uingereza zilifuta miadi ya wagonjwa. Kile kirusi hakikusubiri mtu abonyeze kitu, kilijipitisha chenyewe kwenye mtandao. Anayezima apdeti leo anaweza kuiwasha kesho. Mwenye mashine iliyoachwa hana cha kuwasha.

Mwalimu wa kompyuta
Nimeshaweka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, kwenye mashine sita za RAM 4. Zimekuwa nyepesi mno, na vijana wa kidato cha kwanza hawakuuliza hata swali moja, walimu ndio waliouliza. Tatizo ni kidato cha tatu na cha nne. Ninawafundisha Access, programu ya hifadhidata ya Microsoft, na Access haipo kwenye Linux. Kuna Base ya LibreOffice, ya bure inayofanya kazi kama hiyo, lakini menyu zake ni tofauti, na sitaki mtoto akutane na menyu ngeni siku ya mtihani wa vitendo. Kwa hiyo wanaosema "hamieni Linux" kana kwamba ni kubadilisha shati, waje wasimamie kipindi kimoja.

Mhasibu
Mnajadili mashine, ugomvi uko kwenye daftari. Rejista yetu ya mali ina tarehe ya kununua, bei na uchakavu. Haina safu ya "msaada unakwisha lini". Mwaka wa fedha unaanza Julai, Oktoba iko katikati, na mwombaji anakuja mwezi wa tisa akisema ni dharura. Dharura gani iliyotangazwa miaka kumi nyuma?

Pia kuna njia ya kulipia ili viraka viendelee kuja. Kwa kampuni, Microsoft inatoza dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza, na bei inaongezeka maradufu kila mwaka hadi mwaka wa tatu, jumla dola 427. Hiyo ni hela ya kununua mashine nyingine. Lakini kwa taasisi za elimu ni dola 1, kisha 2, kisha 4. Mashine zenu 40 kwa miaka yote mitatu ni dola 280. Mlishauliza?

Fundi, Kariakoo
Waulize kwanza kama Windows yao ni halali na kama wana mkataba wa leseni za elimu. Ile ya kukreki hailipiwi hata dola moja.

Mleta mada
Hatukuuliza. Windows ni zile zilizokuja na mashine, mkataba hatuna. Nitaufuatilia wiki hii.

Mtu wa mitandao
Samahani nachelewa. Hizo 40 za maabara kama hazina intaneti, hatari yake kubwa ni flashi za wanafunzi. Mimi ningeanza na ile moja ya uhasibu inayoingia benki. Halafu rauta. Kompyuta iliyozeeka inakupigia kelele kwenye kioo, rauta inakufa kimya ikiwa bado inawaka taa za kijani. Cisco, watengenezaji wa vifaa vya mitandao, kwa kawaida huhudumia kifaa miaka mitano baada ya kuacha kukiuza, na hapa kwetu watu wanakinunua kikiwa kimeshaacha kuuzwa. Rauta yenu ni ya mwaka gani?

Mleta mada
Nimepanda ngazi sasa hivi, iko juu ya dari ya ofisi ya mkuu. Kibandiko kinasema 2012. Nywila ni ile ile iliyochapwa chini yake.