Mrejesho: sabuni isiyopikwa, iliyopasuka juu na kubaki laini

Wakuu, niliuliza hapa kwa nini sabuni yangu ilipasuka juu na kubaki laini; narudi na mrejesho. Mchanganyiko wa mwanzo, kwa kilo 1 ya mafuta: alizeti gramu 500, nazi 250, mawese 250, maji 380, asali vijiko viwili vya chakula, boksi la kugandishia likafunikwa blanketi.

Mpasuko ulikuwa joto tu. Sukari ya asali hupandisha moto ndani ya boksi. Katikati panatanuka wakati juu pameshaganda, pakachanika. Asali imeshuka hadi kijiko kimoja cha chai, mafuta na maji ya kostiki (magadi makali yanayogeuza mafuta kuwa sabuni) vinakutana vikiwa nyuzi 38 hivi, blanketi limeondoka.

Ulaini ulitokana na alizeti nyingi na maji mengi. Sasa ni mawese yaliyosafishwa 500, nazi 300, alizeti 200, kostiki 145 (imepunguzwa ili asilimia 5 ya mafuta ibaki bila kugeuka sabuni), maji 290. Chumvi gramu 10 inayeyushwa kwenye maji kabla ya kostiki. Ukichelewa haiyeyuki vizuri.

Walioshauri kuongeza kostiki ili igangamale: hapana, hiyo itababua ngozi.

Mche ulikatika kesho yake bila kubonyea wala ufa. Vipande vinakauka rafuni kwa kuachiana nafasi, wiki 4 hadi 6.