Samaki wa bosi wana ratiba ya kula, mtoto wangu "tulimwajiri sisi?"

Mama Pacha:
Wakuu, salamu baadaye. Nina hasira mpaka simu inaniogopa.

Yule bwana. Msiniulize yupi, mnamjua. Kama humjui, basi uko chini yake na umeshazoea.

Leo saa nne na robo napigiwa simu kutoka kituo cha watoto: pacha wangu mmoja ana homa, 38.9, njoo umchukue. Nakwenda kuomba ruhusa. Namkuta kasimama mbele ya lile tangi lake la samaki, ananyunyiza chakula. Naeleza. Hageuki. Anasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa ngapi: "Kwani huyo mtoto tulimwajiri sisi?"

Huku ananyunyiza! Vidole vitatu, tik tik tik.

Wale samaki wana ratiba ukutani. Saa nne na saa kumi. Akisafiri, mtu anapangiwa abaki awalishe, na anaandikiwa saa za ziada. Mwaka jana mmoja alivimba tumbo, kikao kizima kikaahirishwa. Mimi tangu nirudi kutoka likizo ya uzazi nakamulia maziwa stoo, katikati ya katoni za karatasi na printa iliyokata roho, mgongo nimeuegemeza mlangoni maana hauna kitasa. Samaki wana taa. Wana pampu ya hewa.

"Tulimwajiri sisi?" Hapana mzee, hukumwajiri. Ila samaki naona umewapa mkataba wa kudumu.

Sidai makubwa. Nisogezewe saa ya kuingia, siku mtoto anaumwa nifanyie kazi nyumbani, na chumba chenye kitasa. Kitasa jamani! Naandika haya niko foleni ya daktari, mtoto kanilalia begani anachemka, na bado naisikia ile tik tik tik.

Jino Moja:
Pole sana dada. Yule aliyevimba tumbo alipona?

Mama Pacha:
Insha yote hiyo nimeandika kuhusu mtoto, wewe umeona samaki.

Wakili wa Kijiweni:
Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, mwaka 2000: likizo ya uzazi isipungue wiki 14, na mama apewe muda wa kunyonyesha kila siku, uhesabiwe kuwa ni muda wa kazi na ulipwe. Pendekezo namba 191 linataja hadi mahali pasafi pa kunyonyeshea. Kama nchi yako imeridhia, mwandikie barua.

Bi Mkali:
Aipokee nani, samaki? Halafu Shirika la Afya Duniani linasema miezi 6 maziwa ya mama tu. Wiki 14 ni miezi mitatu na ushee. Iliyobaki anyonyeshwe na printa?

Baba Mlezi:
Mna bahati nyie mnaulizwa maswali. Mimi niliomba siku tano mke alipojifungua, nikaambiwa "utanyonyesha wewe?" Ofisi nzima ikaangua kicheko, mpaka mlinzi. Sweden likizo ya mzazi yeyote, baba au mama, ilianza 1974. Mimi nakaguliwa kama nina maziwa.

Mseja kwa Hiari:
Na sisi tusio na watoto tuseme. Wenu akikohoa, zamu naziba mimi. Sijazaa ila nimelea idara nzima, bila malipo.

Mama Pacha:
Mlaumu anayekataa kuweka mtu wa akiba, usinilaumu mimi.

Mseja kwa Hiari:
Namlaumu yeye. Wewe nakulaumu kidogo.

Zamu ya Usiku:
Kwetu walifungua chumba cha watoto kazini, utepe ukakatwa, ukutani twiga anacheka. Kinafungwa saa kumi na moja jioni. Robo tatu yetu tunaingia saa moja usiku! Sasa hivi kinatunza viti vibovu, na twiga bado anacheka.

Bi Mkali:
Huyo twiga ndiye rasilimali watu.

Jino Moja:
Turudi kwenye mada. Tangi la lita ngapi?

Mama Pacha:
Mada ipi???

Mzee wa Kokoto:
Nimefuga miaka mingi. Mara mbili kwa siku si mbaya, ila vidole vitatu tik tik tik ni kuwaua. Kinachobaki kinaoza, maji yanachafuka. Wape kinachoisha ndani ya dakika mbili tatu. Lile tumbo sishangai.

Jino Moja:
Mkuu, mimi ninao wawili, maji yanageuka kijani.

Mzee wa Kokoto:
Jua linayapiga. Litoe tangi dirishani. Weka picha tuone.

Mama Pacha:
Homa imeshuka, kama kuna anayeuliza.

Jino Moja:
Picha hiyo hapo mkuu. Huyo wa kushoto ndiye asiyekula.