Spice up, pep up, ginger up: ipi inakwenda na nini?

Mtembeza_Kizimbani:
Assalaam alaykum. Natembeza wageni mashamba ya viungo Kizimbani, Unguja. Nawasikia wakisema "liven up", "jazz up", "spice up", "pep up", "perk up", na mzee mmoja Muingereza alisema "ginger up" nilipomkatia tangawizi anuse. Kwetu kuchangamsha kunatosha kwa mtu, ngoma na hata baraza. Kwao naona kila moja ina pahala pake. Habari za karafuu na mdalasini nimezikulia, na nataka zimfikie mgeni zikiwa na ladha yake. Nisaidieni.

Mwl_Tanga:
Wa alaykum salaam, kaka. Anza na "liven up", ndiyo pana kuliko zote: sherehe, darasa, mtu, chumba. Husimama hata peke yake: "The party livened up." "Jazz up", iliyotoka kwenye muziki wa jazi, ni ya kitu kilichopooza ukakipamba, mfano gauni jeusi ukalitia ushanga. "Perk up" ni ya mtu aliyechoka akapata nguvu.

Zako za shambani ni tatu. "Spice up" ni chakula kwanza, kisha hotuba, safari, ndoa. Hadithi pia, ila angalia: wakisema fulani "spiced up the story", huenda wanamaanisha ametia chumvi. "Pep" ni "pepper" iliyokatwa, na waliokata ni Wamarekani. Ukifika kwenye mpilipili manga sentensi unayo tayari: "This vine put the pep in pep up."

"Ginger up" ni ya Uingereza, ya kizamani kidogo, husemwa zaidi juu ya kundi au chama kilicholala. Wauza farasi wa huko walikuwa wakimtia farasi tangawizi makalioni ili ainue mkia na aonekane mchangamfu mbele ya mnunuzi. Francis Grose aliiandika tabia hiyo kwenye kamusi yake ya 1785. Watu wazima wataipenda sana. Wakiwepo watoto, iruke.

Dada_wa_Mombasa:
Nyongeza, maana hapa wengi huanguka: "it" hukaa katikati. "Spice it up", "jazz it up". "Spice up it" hakuna. Ukitaja kitu chenyewe una uhuru: "spice up the rice", "spice the rice up", zote sawa.

Mtembeza_Kizimbani:
Mungu awalipe. Hiyo ya farasi sikuwahi kuisikia! Je, kwenye tangazo naweza kuandika "Liven up your holiday"?

Mwl_Tanga:
Andika, lugha ya matangazo ndiyo hiyo. Ukiandikia hoteli barua rasmi, tumia "enliven". Na mgeni akichoka njiani usimwambie "cheer up": hiyo huambiwa mwenye huzuni, na asiye nayo ataona unausema uso wake. Mpe dafu, umwambie "This will perk you up."